Matundu 248 na nguzo nne zilizosimama kichwa chini

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida: rafu ya chuma ya kupangia masanduku ya vipuri. Malango manne yanasimama sambamba, na kila lango lina nguzo ya mbele na nguzo ya nyuma, zote za bomba la mraba la 60×60 lenye ukuta wa milimita 3 na kimo cha milimita 1,650. Kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, katikati kwa katikati, ni milimita 540. Rafu zinakaa juu ya boriti fupi zinazofungwa ubavuni mwa nguzo kwa boliti za M8 (zenye kipenyo cha milimita 8), na mteja alitaka aweze kuzipandisha na kuzishusha apendavyo. Hapo ndipo matundu yalipoingia: kila nguzo ipate mstari wa matundu ya milimita 9, moja kila baada ya milimita 50, kuanzia milimita 80 juu ya sakafu. Yanatoka 31 kwa nguzo, 248 kwa rafu nzima, na kwa kuwa kila boliti inapenya bomba upande hadi upande, ukuta wa chuma unatobolewa mara 496.

Kipenyo cha 9 hakikubahatishwa. Kiwango cha ISO 273 kinatoa machaguo matatu kwa boliti ya M8: 8.4 pale boliti inapotakiwa ikae kwa kubana, 9 kwa kazi ya kawaida, na 10 kwa kazi isiyodai usahihi. Mchoraji alichukua la kati, na alichagua vizuri. Ila ishike akilini hiyo milimita moja inayobaki kati ya boliti na tundu, maana ndiyo iliyolificha kosa.

Mimi niliombwa nipitie mafaili ya mchoro wa kompyuta baada ya fundi kupiga simu. Alikuwa ameshikiza lango la kwanza kwa nukta chache za kulehemu, akafunga boriti moja ili ajaribu. Boliti ziliingia zenyewe bila kulazimishwa, lakini pima maji ilikataa. Povu lilikimbilia upande mmoja, na alipoigeuza pima maji kichwa kwa mkia, likakimbilia kule kule. Kwa hiyo pima maji ilikuwa nzima na boriti ndiyo iliyolala mshazari.

Kwenye skrini kila kitu kilikuwa sawa

Mchoraji alipitia njia mbili kabla ya kufika alipofika, na ya kwanza inastahili kuelezwa kwa sababu wengi huanzia hapo. Alifungua faili la mkusanyiko, lenye fremu nzima, akachora duara moja ubavuni mwa nguzo ya pembeni, akalirudia kwa amri ya ruwaza mara 31, kisha akakata moja kwa moja kupita nguzo zote za mstari huo. Mikato miwili tu, mmoja kwa nguzo za mbele na mmoja kwa za nyuma, na matundu yote 248 yakawa yametokea. Yalikuwa mahali pake hasa, maana yote yalipimwa kutoka sakafu ile ile.

Shida ilijitokeza alipotoa michoro ya vipande. Karatasi ya nguzo ilitoka na bomba tupu, halina hata tundu moja. Katika programu nyingi za CAD, yaani za kuchorea kwa kompyuta, mkato uliofanywa kwenye mkusanyiko ni mali ya mkusanyiko. Unaonyesha jinsi vipande vitakavyokuwa vikishaunganishwa, kana kwamba fundi atachomelea kwanza na kutoboa baadaye. Faili la kipande halijui lolote. Kwa kazi inayotobolewa baada ya kulehemu, hiyo ndiyo tabia inayotakiwa. Kwa mabomba yanayokatwa na kutobolewa yakiwa bado mezani, mchoro wa namna hiyo haumfai fundi. SolidWorks, mojawapo ya programu hizo, ina chaguo la kuupeleka mkato wa mkusanyiko hadi ndani ya vipande, na anayelijua humwokoa hapa, lakini katika programu aliyotumia mchoraji huyu jambo hilo halikuwa rahisi, naye alikuwa na haraka.

Akaihama njia hiyo. Kwa kuwa nguzo zote nane zilikuwa na umbo moja na urefu mmoja, alikuwa ameamuru zitumie faili moja. Akalifungua, akatoboa tundu la kwanza milimita 80 kutoka mwanzo wa bomba, akalirudia mara 31, akahifadhi. Nguzo zote nane zikapata matundu papo hapo, karatasi ya kipande ikatoka imekamilika, na orodha ya kukatia ikaandika mstari mmoja: vipande vinane, 1,650. Nani asingefurahi?

Kalamu ilipanda, ikavuka, ikashuka

Fremu za aina hii huanza na mifupa: skechi ya mistari mitupu isiyo na unene, kisha programu inalaza bomba juu ya kila mstari. Bomba linahitaji mwanzo na mwisho, na mwanzo wake huwekwa pale mstari ulipoanza kuchorwa. Mchoraji alichora kila lango kwa mkupuo mmoja, kama mtu yeyote ambavyo angechora mstatili: akapanda na nguzo ya mbele kutoka sakafuni, akavuka juu, akashuka na nguzo ya nyuma. Kwa hiyo nguzo nne za mbele zilikuwa na mwanzo wake chini, na nne za nyuma zilikuwa na mwanzo wake juu. Bomba tupu la mraba halionyeshi tofauti hiyo hata kidogo. Likishapata matundu yasiyolingana ncha kwa ncha, tofauti inazaliwa.

Na hayakulingana. Tundu la kwanza liko milimita 80 kutoka mwanzo, la 31 liko 1,580, na kutoka hapo hadi ncha ya pili zinabaki 70. Nguzo ya mbele ina matundu kwa 80, 130, 180 na kuendelea kutoka sakafu. Ya nyuma, iliyosimama kichwa chini, ina 70, 120, 170. Kila tundu la nyuma liko milimita 10 chini ya mwenzake wa mbele. Ukitazama rafu kutoka mbele huoni kitu, maana nguzo za mbele zinalingana zenyewe kwa zenyewe, na za nyuma vivyo hivyo. Lazima utazame kutoka ubavuni, uzime mwonekano unaofanya vya mbali vionekane vidogo na uvute karibu, ndipo uone duara moja limekaa chini ya mstari wa jingine.

Sasa ile milimita moja. Boriti ya rafu imetobolewa matundu mawili kwa umbali wa 540. Ukiifunga mshazari, upande mmoja ukiwa chini kwa milimita 10, umbali unaotakiwa kati ya matundu ya nguzo unakuwa kipeo cha pili cha 540 jumlisha kipeo cha pili cha 10, halafu kipeuo chake: 540.09. Kasoro ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na boliti ina milimita nzima ya kuchezea. Ndiyo maana ziliingia bila kelele. Mwinamo wenyewe ni nyuzi 1 na kidogo, ambao jicho linaweza kuusamehe lakini sanduku lenye magurudumu halitausamehe.

Ukaguzi wa kugongana nao ulikuwa umepita safi. Amri hiyo hutafuta pale ambapo vyuma viwili vimechukua nafasi moja, na tundu ni hewa. Boliti hazikuwa zimewekwa kwenye mkusanyiko kwa sababu, kama inavyosemwa kila mara, zinalifanya faili kuwa zito. Boliti 16 zingetosha, mbili kwa kila nguzo: boriti ingekataa kukaa sawa na kosa lingejulikana siku ile ile.

Kuhusu chuma chenyewe, habari ilikuwa nzuri. Mabomba manane yalikuwa sawa kabisa. Kilichokosea ni mchoro wa lango, ulioonyesha nguzo ya nyuma ikianza na 70 chini. Fundi alikata nukta zake, akageuza nguzo, akashikiza upya. Lakini hebu tazama jambo hili kwa upande wa pili: hata kama mchoro ungekuwa sahihi, bado angeweza kuigeuza bomba kwa bahati mbaya, kwa kuwa nani atatofautisha 70 na 80 kwa macho akiwa amevaa barakoa ya kulehemu?

Kurekebisha kwa oda ya pili

Oda ya pili ilikuja na vimo vingine, 1,850 na 1,500, na hapo idadi ya 31 iliyoandikwa kwa mkono ikaanza kuleta mambo yake. Kwenye nguzo ya 1,850 ruwaza iliishia 1,580 na kuacha milimita 270 tupu juu. Kwenye ya 1,500 tundu la 29 liliangukia 1,480, ndani ya eneo la bomba la juu la kuunganisha, na mawili ya mwisho yalielea hewani. Programu nyingine hulalamika zikikutana na hali hiyo, nyingine hukaa kimya na kuyaacha bila kutoboa chochote, na huo ukimya ndio ninaouogopa zaidi.

Njia zilizokuwepo ni tatu. Kuchora upya mistari ya nyuma ili yote ipande kutoka sakafuni: ni rahisi kusema, lakini kuufuta mstari wa mifupa ni kuua bomba lililolala juu yake pamoja na mikato yote ya ncha. Kuweka matundu kwenye mifupa yenyewe, yaani bapa la sakafu (uso tambarare wa kupimia, usio na unene) na mstari wa vituo vya matundu viwe kwenye skechi kuu, kisha kila kipande kivute kutoka hapo: hii ni imara kuliko zote, na ndiyo ningeichagua kama matundu yangelazimika kuwa tofauti juu na chini. Inataka nidhamu tu, na inaifanya kila nguzo kuwa na faili lake. Ya tatu ni kufanya ruwaza ilingane ncha kwa ncha, ili kugeuka kusiwe na maana yoyote, kwenye skrini wala mezani kwa fundi.

Nilishikilia hiyo ya tatu. Mteja hakuwa na sababu ya kudai 80. Ilikuwa namba iliyokaa vizuri kichwani mwa mtu. Kwa nguzo ya 1,650, mapengo 30 ya milimita 50 ni 1,500, zinabaki 150, gawa kwa mbili: 75 chini, 75 juu. Basi.

Katika faili la kipande hesabu hiyo inaandikwa mara moja, ikifuata urefu wa bomba:

mapengo = sakafu ya ((urefu − 120) ÷ 50 + 0.001)
matundu = mapengo + 1
mwanzo = (urefu − mapengo × 50) ÷ 2

Hiyo 120 ni milimita 60 kwa kila ncha, nafasi ya chini kabisa niliyoikubali: bomba la kuunganisha la 40×40 limekaa pale, na washa ya M8 yenye kipenyo cha 16 inahitaji kulala bila kupanda juu ya mshono. “Sakafu ya” hapo ni kukata desimali kwenda chini: Inventor, programu nyingine ya CAD, inaita floor na SolidWorks inaita int. Katika Inventor lazima milimita igawanywe kwa milimita ili jibu lisiwe na kipimo, la sivyo idadi itakataliwa.

Ile 0.001 inaonekana ya kipuuzi hadi siku utakapopata nguzo ya 1,620. Ukitoa 120 zinabaki 1,500, gawa kwa 50 unapata 30 kamili. Lakini urefu ule umetokana na mifupa, umepita kwenye mikato ya ncha na kujumlishwa na kutolewa ndani ya kompyuta, na kompyuta inaweza kuushika kama 1,619.9999999. Jibu linakuwa 29.99 na kitu, linakatwa kwenda chini, unapata 29, na tundu moja linapotea kwenye nguzo ambayo karatasi inasema ni sawa na wenzake. Chembe hiyo ya ziada inalisukuma jibu lipite mpaka bila kumdhuru yeyote.

Likabaki suala la bomba la nyuma. Nguzo nne za nyuma zinaunganishwa pia na bomba la 40×40 linalochomelewa ubavuni, ambalo awali lilikaa kati ya 600 na 640 juu ya sakafu. Tundu la 12 lilikuwa humo ndani, limefunikwa, halipitishi boliti. Wazo la kwanza la kila mtu ni kulisogeza bomba likae kati ya tundu na tundu. Pima: kati ya ukingo wa tundu moja na ukingo wa linalofuata kuna 50 toa 9, yaani 41. Bomba ni 40. Inabaki nusu milimita kila upande, na mshono wa kulehemu utamwagika ndani ya matundu yote mawili. Kwa hiyo tundu moja halina budi kufa.

Ukilizima la 12 kutoka chini, ulinganifu umevunjika. Ikigeuzwa nguzo ya 1,650, tundu lililokosekana linakuwa la 20. Tulilihamisha bomba hadi katikati ya kimo. Kwa nguzo ya 1,850 mapengo ni 34, matundu 35, na la 18 linaangukia 75 jumlisha 850, yaani 925, nusu kamili. Likizimwa hilo, nguzo inabaki ile ile ukiisimamisha vyovyote. Ila nguzo ya 1,500 iligoma: mapengo 27, matundu 28, katikati hakuna tundu, na bomba lingekaa tena kwenye ule mwanya wa 41. Nilimwandikia mteja kumwomba 1,550 badala yake, ambayo inatoa matundu 29 na la 15 liko 775, katikati. Alikubali bila mjadala. Wateja wengi huwa na namba za kimo zilizotokana na makadirio, na kuuliza hakugharimu kitu.

Kwa hiyo sasa kuna vipande viwili kwa kila kimo, nguzo ya mbele na nguzo ya nyuma yenye tundu moja pungufu. Hapa watumiaji wa programu zinazoweka fremu yote ndani ya faili moja lenye miili mingi, kama ilivyo kwa fremu za SolidWorks, wataona orodha ya kukatia ikijigawa yenyewe: mwili wenye matundu 35 na wenye 34 haviwekwi tena kundi moja. Hilo lisikushtue. Likitokea pale usipolitarajia, ndipo uanze kutafuta nguzo iliyokosa tundu.

Tahadhari moja kuhusu mahali pa kubandika skechi ya tundu la kwanza. Ukiibandika kwenye uso wa ncha iliyokatwa, kisha ukabadilisha mkato wa ncha, uso ule unaweza kupewa jina jingine ndani ya programu na skechi ikapoteza egemeo. Watumiaji wa FreeCAD wanaujua ugonjwa huu kwa miaka mingi. Toleo la 1.0 la Novemba 2024 lilikuja na dawa ya kuupunguza. Bapa la asili la kipande, lile lililokuwepo kabla ya mkato wowote, halisogei.

Karatasi ya fundi iliandikwa hivi: 35 × Ø9, kisha 34 × 50 (= 1,700), na 75 kutoka ncha. Hakuna mlolongo wa 50, 50, 50. Mtu akipima kwa futi kutoka tundu hadi tundu na kukosea nusu milimita kila mara kwa upande ule ule, mwisho wa safari yuko nje kwa milimita 17. Akipima yote kutoka ncha moja, kosa la kila tundu linabaki nusu milimita. Kwa mashine ya leza haijalishi. Kwa drili ya mezani inajalisha sana, na fundi huyu alitengeneza jigi, yaani kiongozi cha kutobolea, ya bapa la chuma lenye matundu matano na pini, akawa anaisogeza. Kila kusogeza kunabeba kosa dogo, lakini mara nane si mara 34.

Mteja aliongeza ombi la mwisho: wavu wa kufunga mbele, kwa skrubu, kwenye uso wa mbele wa nguzo za mbele. Matundu ya uso huo yakikaa kimo kimoja na yale ya ubavuni, skrubu ndefu kidogo itaigonga boliti inayopita katikati ya bomba. Yakaongezwa kama ruwaza ya pili inayoitegemea ya kwanza: mwanzo wake ni mwanzo jumlisha 25, idadi yake ni matundu toa 1. Kwa nguzo ya 1,850 ni matundu 34, la kwanza 100 kutoka chini na la mwisho 100 kutoka juu, yametobolewa ukuta mmoja tu. Nguzo hiyo bado inaweza kugeuzwa juu chini bila madhara. Kinachoweza kukosewa sasa ni kuitazamisha nyuma, na hapo matundu ya wavu yataonekana yakielekea ndani ya rafu kabla nukta ya kwanza haijapigwa.